Figa la Tatu

Bi Tumsifu amenipa utepe nishike upande wa sifuri.
Yeye anarudi kinyumenyume hadi penye mkorosho,
anasoma: mita sita na nusu. Anaandika.
Hapa, anasema, palikuwa na nyumba.

Najua palikuwa na nyumba.
Nimelipwa kwa siku; sikulipwa kujua.

Litingi haina hata ukuta mmoja wa kuegemea.
Kilwa waliacha mawe, matao, vikombe vya Uchina.
Sisi huku juu Newala tuliacha udongo,
nao udongo ukaenda zake na masika.
Mahame, wanapaita wawindaji, wanapita.
Kilichobaki ni mwinuko wa kimo cha kiganja,
majani ya kijani kingine pale walipolala mbuzi,
na mikorosho iliyopangwa mistari
kama watoto wa shule
ambao mwalimu amewasahau juani.

Tunachekecha. Vumbi jekundu linaingia kwenye kope.
Kigae chenye alama za ukucha shingoni.
Bawaba ya sanduku.
Nusu ya sahani ya bati, ua lake bado limechanua.
Shanga moja ya buluu, ambayo Bi Tumsifu
aliipuliza polepole, kama anayeamsha mtoto.
Kila kitu na mfuko wake, kila mfuko na namba.
Mzee Nakapanya, anayechimba nami, akauliza
kama miaka hamsini inatosha kuitwa kale.
Bi Tumsifu akacheka:
Waliotoa fedha wamesema inatosha.

Saa nane tukafika jikoni.
Majivu yameshikana, rangi ya njiwa,
na juu yake mafiga mawili yanatazamana.
Mawili.
Akapekua kushoto, akapekua kulia,
akatuamuru tupanue shimo nusu mita.
Kisha akaandika, nami nikasoma begani kwake:
*Figa la tatu halikupatikana. Huenda lilisombwa na maji.*

Halikusombwa na maji.
Lilipanda lori.

Bibi yangu, Somoe Lipinga, alilipakata
siku ile ya operesheni, kuku wamefungwa miguu,
paa linaungua nyuma yao ili pasiwe na pa kurudi.
Karani mwenye orodha akamwuliza:
Mama, na mawe nayo? Huko mwendako hakuna mawe?
Bibi akalifunika kwa khanga.
Lilikuwa bado na moto wa uji wa asubuhi,
likamla paja njia nzima, asiseme neno.
Kovu lile nililiogesha mimi, uzeeni mwake.

Barabarani walipewa kiwanja chenye namba
na ahadi ya bomba. Bomba lilikuja,
likakohoa mara tatu mbele ya mgeni rasmi,
likanyamaza.
Bibi akaokota mafiga mengine, akapika,
lakini lile hakuliweka motoni tena.
Tukimwuliza, anatujibu huku anapepeta:
Figa moja haliinjiki chungu.
Na mawili niliyoyaacha, je, yanainjika?
Basi. Hapikwi kitu pale na mtu mwingine.
Alikufa msimu ambao korosho hazikulipwa.
Sanda tuliikopa.

Jioni nimerudi, Litingi imo masikioni mwangu, imo kwenye kucha.
Jiwe lipo.
Upande mmoja mweusi; masizi hayakutoka miaka yote hii,
hata wifi alipolisugua kwa mchanga na sabuni
akidhani ni uchafu.
Nimelipima kwa shibiri, maana utepe ni wa mradi:
shibiri moja na vidole vitatu.

Kesho tunafukia shimo.
Bi Tumsifu ni mtu mwema, hutugawia chapati zake.
Ningemwambia angefurahi.
Angelitafutia mfuko.

Kitasa chetu kiliharibika zamani.
Nimelisukuma kwa unyayo hadi kwenye mlango,
kama kila usiku,
na mlango umetulia.