Kikaango cha Mashimo Saba

Saa kumi na mbili asubuhi, Januari, Dundee:
bado ni usiku mzito. Jua la huku lina mkataba wake,
huripoti kazini saa tatu kasorobo
na jioni huondoka mapema, bila kuaga.

Mimi nimeshawasha jiko.
Mchele niliuloweka juzi, nikausaga jana baada ya isha,
na usiku kucha rojo limelala kando ya hita
limefunikwa kanga, likiumuka taratibu
kama mtu anayeota ndoto nzuri.
Tui ni la kopo. Iliki nimeiponda
kwa kitako cha chupa ya siki.
Sukari kwa jicho,
ndivyo alivyonielekeza dada yangu Mwanamvua kwenye simu,
nami nikamuuliza: jicho la nani?
Akacheka mpaka salio likaisha.

Kwetu Pangani sikuwahi kushika mwiko.
Jikoni nilipita tu, mbio,
kuiba kile kitumbua cha kwanza, cha kuungua,
kinachong'ang'ania chuma.
Nilidhani chakula cha asubuhi
hujipika chenyewe kikasubiri watu waamke.

Leo Salha yuko wodini tangu saa mbili usiku,
anageuza wagonjwa wasipate vidonda.
Na mimi hapa nageuza vitumbua.

Kikaango nilikipata duka la misaada, pauni mbili.
Mama muuzaji akanieleza ni cha vikeki vya Wadenishi.
Sawa, nikamwambia, ila shimo ni shimo,
chuma hakiulizi kabila la unga.

Maharage ni ya kopo pia, yale matamu ya Waingereza.
Nimeyasuuza sukari yao kwenye chujio,
nikayapa kitunguu, bizari, pilipili moja,
mpaka yakasahau yalikotoka.
Mayai sita. Chai ya tangawizi.
Mkono mmoja unakoroga, mwingine unatafuta kifuniko.

Mafuta yakapata moto kuliko akili yangu.
Watu husema kitumbua kimeingia mchanga;
changu kiliingia king'ora.
Dari ikapiga kelele. Tamimu akatoka chumbani
na taulo, akaanza kulipunga chini ya kile kidude
kama mshika kibendera aliyeona mchezaji kaotea.
Nasra, masikio kayaziba, anauliza kwa sauti ya juu:
Baba, wazima moto wanakula vitumbua?

Hodi mlangoni. Bi Moira wa ghorofa ya juu,
gauni la kulalia, viatu vya bustanini,
sufuria mkononi. Nikajiandaa kugombezwa.
Kumbe ana uji, uji wa shayiri,
mzito hata mwiko unasimama wenyewe,
na ndani yake chumvi. Chumvi!
Nasra alionja, akaurudisha ulikotoka, mbele ya mgeni.
Bi Moira hakujali. Alichukua kitumbua,
akakichovya kwenye uji wake, akatafuna,
akasema maneno ambayo nusu yake sikuyashika.
Nusu niliyoishika ilikuwa: kimepungua chumvi.
Akaondoka na vitatu kwenye mfuko wa gauni.
Sufuria lake liko kwangu hadi leo.

Salha akaingia kukiwa bado giza,
theluji mabegani, nyayo zimevimba.
Alikula kwa kusimama, kipande, kipande,
mgongo kauegemeza kwenye friji.
"Iliki imezidi," akasema.
Akachukua cha pili. Cha tano nilikiona mwenyewe.
Halafu akalala pale mezani, shavu juu ya kiganja,
na chai ikapoa, na hakuna aliyethubutu
kuvuta kiti.

Kile cha kwanza, cheusi, nilikiweka pembeni nikitupe.
Niliporudi hakikuwepo. Nikasema labda nimeshakitupa.

Jumatatu nafua nguo.
Mfuko wa pajama ya Tamimu: duara la mafuta,
makombo meusi, harufu ya iliki.
Sikumwita. Nilizidisha sabuni kidogo.