Vifuniko Kumi na Kimoja

Kwenye kroki ya polisi
jipu imechorwa vizuri: magurudumu manne,
hata taa.
Mume wangu ni msalaba mdogo wa kalamu,
baiskeli yake ni mstari uliopinda.
Nikamwambia ofisa, mchore na miguu.
Kilomita sitini aliisukuma ile baiskeli,
magunia matatu ya makala, usiku kucha,
huwezi kumchora bila miguu.
Akasema, Mama, hapa hatuchori watu,
tunachora nafasi.

Basi, nafasi:
saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Kasenga,
Kaimba upande wake wa kulia, karibu na majani.
Jipu ndiyo iliyomfuata kule.

Magunia yalipasuka. Watu wakaja na mabeseni.
Siwalaumu, makala ni ghali.
Mchana ule sijui nyumba ngapi za Ruashi
zilipika bukari kwa moto wa marehemu.
Kwangu hakukuwashwa kitu.

Siku ya tatu ya matanga wakaja wajomba wa dereva,
na mkewe, kitambaa chake cheusi kuliko changu.
Unga gunia moja. Mbuzi. Bahasha.
Na karatasi ya Kifaransa, imepigwa mashine.
«Beba, mama. Bantu banakufaka kila siku.
Mutoto alikuwa na usingizi tu.»

Usingizi.
Shemeji Mwepu alikuwa ameshamfungua mbuzi kinywa,
anamtazama meno.
Nina watoto wanne na deni la jeneza.
Sitadanganya: mkono wangu ulikwenda.
Walitaka kidole gumba,
na changu kilikuwa bado na weusi wa makala,
hakikuhitaji wino.
Ni Chola, wa darasa la sita, aliyesoma kwa sauti,
akikwama kila neno:
«Mama, hapa wanaandika… hautadai tena… hata siku moja.»

Avoka wa bure anapatikana Alhamisi, nyuma ya tribinali.
Metre Nawej, binti mdogo, kisigino cha kiatu kimekwisha.
Akasema, hizi ni kesi mbili ndani ya gunia moja.
Moja ni ya Serikali: ameua, hata kama hakukusudia,
na alikuwa amelewa.
Hiyo huwezi kuisamehe wewe, haikuwa yako.
Nyingine ni yako: chakula cha watoto, shule, jeneza,
na kile kisicho na bei ambacho hakimu lazima akitie bei.
Hiyo ndiyo waliyokuja kuinunua kwa mbuzi.

Akaniandikisha upande wa madai.
Akasema gari lina bima, na bima ina mlango,
lakini haufunguki kwa kulia.
Cheti cha kifo. Vyeti vinne vya kuzaliwa.
Cheti cha ndoa.
Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mbele yake.
Kaimba alinioa kwa majembe mawili na bunduki mbovu ya baba yake;
nani alitupa cheti?
«Basi tutaanza na kesi ya kuthibitisha kwamba uliolewa.»
Miaka kumi na sita. Watoto wanne.
Nithibitishe.

Na pombe, nani aliipima?
Hakuna. Dereva alipelekwa kwao kuoga kwanza.

Usiku mmoja msichana akagonga. Hakutaka kuketi.
Anahudumia kwenye nganda moja, hakusema ipi.
Chupa ikipotea patroni anaikata kwenye mshahara,
kwa hiyo yeye huweka vifuniko,
kila meza na mfuko wake.
«Hii ni meza yake ya usiku ule.»
Nikamwaga kwenye mkeka.
Tukahesabu wote wawili bila kusema.
Akaondoka kabla sijamuuliza kama atakubali kusimama mbele ya hakimu.

Kesi imeahirishwa mara tatu.
Hakimu mgonjwa. Faili haionekani. Umeme.
Kila mara natembea kwenda, natembea kurudi,
mfuko umefungwa kiunoni chini ya kitenge,
na vifuniko vinalia, chekele, chekele,
kama ile bati ya mnyororo wa baiskeli yake
aliyosema kila Jumapili
kwamba atakuja kuikaza.