Mkono wa Kuazima

Kwa saa tatu mimi ni mkono wa Marit Overby.
Nimetia saini: sitatabasamu, sitakunja uso,
sitavuta pumzi kwa namna ya kumwonya.
Akisema B, naandika B.

Dakota Kaskazini, Aprili, na theluji bado imeng'ang'ania
magurudumu ya basi la shule.
Mtihani wa jimbo umekuja kwenye boksi lililopigwa lakiri,
ukahesabiwa mara mbili, kama fedha za benki.

Maneno ya Marit hutoka moja moja,
kila moja limebebwa kutoka mbali.
Amepewa muda wa ziada.
Ziada ya nini, hawakuandika.

Swali la kumi na nne: Kwa nini fuko alihama shimo lake?
Majibu manne. Nayasoma kwa sauti isiyo na chumvi,
sauti ya mtangazaji wa bei za ngano redioni.
Anafumba macho. Shingo inapinda, inatafuta.
"Hakuhama," anasema. "Alifukuzwa."

Narudi kwenye hadithi. Ni kweli:
mstari wa tisa, mkulima na mpira wake wa maji.
Jibu hilo halina herufi.
"Chagua moja," nasema, kama nilivyoelekezwa.

Ananitazama kwa huruma,
kana kwamba mtahiniwa ni mimi.
"Andika C. Wanaitaka C."

Naandika C.
Juu ya meza mkono wake mwenyewe, ule uliokakamaa,
unafunguka kidogo,
unagonga mbao mara moja.

Swali la kumi na tano.