Tui la Pili

Jiwe lenyewe lina urefu wa kidole cha shahada
na unene wa kikombe cha kahawa.
Lilitolewa kwenye kisima kilichotobolewa kabla sijazaliwa,
likalala miaka ndani ya sanduku la bati
katika ghala la karafuu, hapa Wete,
hata likashika harufu. Ukilinusa
utadhani huko chini nako kuna majamvi yameanikwa.

Bakari Shehe, mlinzi, ananiuliza kila asubuhi:
“Yamepatikana?”
“Bado.”
“Na hayo unayoyakamua?”
Haya ya kununua, namjibu. Yamekuja kwa meli, ndani ya mtungi.
Nayatia mwenyewe jiweni, kisha natafuta namna ya kuyatoa.
Anacheka mpaka anashika ukuta.
“Kazi ya Serikali hiyo!”

Lakini ndivyo. Nimelikausha jiwe, nimelipima,
nimelinywesha maji ya chumvi hata likashiba,
nikayasukumia mafuta, yakayahamisha maji nyumbani mwao.
Siku nne tu, kuigiza jambo
ambalo mto usio jina uliliandaa
kabla kisiwa hakijawa kisiwa:
ulibeba mchanga kutoka bara, punje kwa punje, ukautua,
punje zikalaliana, zikabanana, zikashikizwa kwa chokaa,
ila baina ya punje na punje
pakasalia upenyo wa kupita tone.

Watu hudhani chini mna ziwa.
Hamna ziwa. Mna jiwe, na jiwe lina vinyweleo.

Nawasha pampu.
Mafuta yanatoka, meusi, manono, kama tui la kwanza;
moyo unafurahi kwa saa mbili.
Kisha maji yanagundua njia ya mkato,
yanapita humo humo, yanatoka meupe kama yalivyoingia.
Nusu ya mafuta imebaki
vichochoroni, shanga shanga,
imeng'ang'ania punje.

Mama hakutupa chicha kwa mkamuo mmoja.
Aliitia maji ya vuguvugu, akaifinyanga,
akairudisha kifumbuni, akasema, “Nazi haijasema yote.”
Na tui la pili ndilo liivishalo wali;
la kwanza huja mwisho, kujisifu.

Shangazi yangu, Bi Mgeni, aliniletea polo la mwani kutoka Tumbe.
“Bei imeanguka. Usiponunua wewe, naurudisha baharini.”
Nikauchemsha, nikauchuja kwa kipande cha kanga,
nikapata uji mwepesi, unaovutika.
Maji mazito hayana haraka ya njia ya mkato.
Huingia uchochoro kwa uchochoro, yakibisha hodi.

Siku ya kwanza jiwe likapaliwa.
Mshale wa presha ukapanda, ukapanda,
mpira ukachomoka, uji wote ushungini mwangu.
Bakari alikuja mbio na ndoo ya mchanga,
akidhani ni moto.
Siku ya pili, kimya. Mrija mkavu.
Siku ya tatu niliuzimua uji, nikaongeza sabuni kidogo
ili mafuta na jiwe walegezeane mikono,
nikakaa. Adhuhuri ikapita. Nikasali, nikarudi.
Kwenye ncha ya mrija pana tone jeusi,
limening'inia kama mtu asiyetaka kuaga.

Likadondoka. Likafuata jingine.

Mpaka alasiri nimepata kumi na mbili kwa mia juu ya ile nusu.
Thelathini na nane zimo bado,
na huenda zitakaa humo, jiwe lina haki yake.
Nikampigia simu Bi Mgeni, sauti inanitetemeka,
nikamwambia kuhusu vinyweleo, uji, tone.
Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha:
“Kwa hiyo, mwanangu, bei ya mwani itapanda?”

Kwenye daftari niliandika joto, presha, uzito wa uji,
kumi na mbili kwa mia.
Swali lake nililitafutia safu. Hamkuwa na safu.
Nikaliandika pembeni, kwa penseli.