Pampu Isiyopandisha

Kwa miaka kumi na tisa swali langu la kwanza ni lile lile:
Mita ngapi?
Kutoka tumbo la kisima kule Riat hadi tangi la juu,
mita ngapi, bomba lina kona ngapi,
na stima yako ni ya waya mbili au nne?

Sasa daktari wa meno amesimama Kibuye mbele ya meza yangu,
viatu vinang'aa katikati ya vyuma vyenye grisi,
ananiambia: Nerea, hata inchi moja.
Sitaki maji yapande popote.
Nataka yazunguke.

Nilicheka mpaka Otinga akazima mashine ya kuchomelea
aje asikie.

Nikapanda Milimani kukiona kichekesho chenyewe.
Sebuleni, sanduku la kioo, lita mia tatu,
bahari ya kukoroga: chumvi ya mfuko, ndoo, kipimo,
na nje ya dirisha ziwa zima la maji matamu
lisilomfaa hata kwa kikombe.
Ndani, matumbawe.
Moja kama sikio la mzee.
Jingine kama vidole vya mtoto anayeomba sukari.
Hayatembei, daktari Ogweno akasema, hayafuati chakula.
Chakula ndicho kiyafuate.
Na uchafu wao, nao uondolewe.

Hapo kicheko kikaniisha.
Nilimkumbuka mama, mwaka ule wa kitanda,
nilivyomgeuza kila baada ya saa mbili,
upande, halafu upande,
ngozi isichubuke, damu isilale.

Hata hivyo nilikosea. Kazi yangu ilinifunza vibaya.
Nilimletea moja, lita elfu kumi kwa saa, mdomo mwembamba.
Nguvu ya mamba ni maji, nilimwambia nikifunga waya.
Hakucheka; hana mamba.
Siku ya pili akapiga simu:
mchanga umechimbwa hadi kioo cha chini,
na tumbawe la vidole, lililoelekea mdomo ule,
limevuliwa nyama.
Nilikuta mfupa mweupe, umesimama wima.
Sikujua la kusema, nikasema pole,
kama mtu aliyefika matangani.

Tukaanza upya, kwa hesabu ya mgonjwa, siyo ya kisima.
Lita mia tatu mara ishirini: elfu sita.
Lakini zigawe. Mbili, elfu tatu kila moja,
za propela pana, zinazosukuma maji kama kiganja,
zishikwe na sumaku huku na huku ya kioo,
zisilitazame tumbawe lolote usoni.
Zitazamane zenyewe.
Mikondo igongane katikati, ipoteane, izagae,
na saa ya umeme iziambie: wewe sasa, sasa wewe.

Daktari akadondosha chembe za chakula.
Tukapiga magoti kwenye zulia lake kuzifuata.
Nyuma ya jiwe kubwa zilitua, zikabaki.
Pale ndipo patakapooza, nikasema.
Tukasogeza pampu ya kushoto vidole viwili.
Zikatua tena.
Kimoja zaidi, na kuinama kidogo.
Chembe zikasita, zikainuka, zikaenda zao.

Sikio la mzee likainama kushoto,
likanyooka,
likainama kulia.

Yeye aliniuliza kama zipo nyeusi, zisionekane.
Mimi nilimuuliza Alhamisi.
Alhamisi?
Alhamisi stima ikipotea tangu saa nane hadi usiku,
na ukimya ukaingia humo ndani, pumzi itatoka wapi?
Nikamfungia ya tatu, ndogo, mbaya wa sura,
wati tano, juu ya betri ya pikipiki.
Hii ndiyo pampu yako, nilimwambia.
Zile mbili ni za siku njema.

Kwenye risiti zangu kuna mahali pa kujaza:
Urefu wa kupandisha, mita ______.
Niliandika sifuri.
Nikaitazama, ilivyoanza juu, ikashuka,
ikarudi ilikoanzia.

Otinga aliuliza kama nimelipwa.
Nusu, nikasema. Nusu, na samaki amenijua.