Riat, kwa Gia ya Pili

Kutoka Mamboleo gari lilikwenda, silisingizii.
Kwenye tambarare lilikimbia kama lililoshiba.
Ila pua ikielekea Riat, trei arobaini za mayai nyuma,
mguu wangu ukizama hadi kwenye zulia,
liliguna, likawamwagia Wasabato moshi mweusi,
na lori la saruji likanipita.
La saruji! Limejaa! Dereva akanipungia mkono: pole, mama.

Fundi wa kwanza, Kibuye, hata boneti hakuinua.
"Tabo imekufa. Elfu sitini na tano, ya mtumba."
Aliposema tabo mimi nilisikia taabu,
na sidhani nilikosea sana.
Wa pili alibadili chujio la hewa, akala elfu tatu,
akaninunulia soda kwa pesa yangu.
Wa tatu alisikiliza kwa sikio moja, jingine liko kwenye simu:
"Gari hili ni rika la mwanangu wa chuo. Uzee hauna spea."
Nikamwamini. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Nikapunguza trei, nikawa naondoka saa kumi na moja alfajiri
ili Riat inione kukiwa bado giza.

Kamas, nyuma ya wachomelea mageti, ndipo alipo Nyangweso.
Hana maneno. Alichomoa paipu, akatia kidole kwenye koo la tabo,
akakizungusha kijipangaboi cha ndani, kikaenda laini kama pia.
"Huyu mzima," akasema, kana kwamba ni mtu.
Akakata mfuniko wa mkebe wa mafuta ya kupikia,
akaupachika vali ya tyubu ya baiskeli,
akaziba nao mdomo wa kuvutia hewa,
akamwambia kijana wake apige pampu.
Yeye na chupa ya maji ya sabuni,
kiungo kwa kiungo, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso.

Pampu ikakohoa. Tukangoja.
Kisha chini ya paipu ya mpira, upande usioonekana,
pale klipu ilipoing'ata mwaka baada ya mwaka,
povu likavimba, likapasuka.
Likavimba jingine.

Ufa wa urefu wa ukucha.
Gari likilala, umefumba. Ukiupapasa, hauna neno.
Hufunguka pumzi inapozidi tu,
mlimani, na mzigo,
mahali ambapo hakuna fundi wa kuutazama.

Nilicheka, kisha sikucheka.
Miezi minane nilikuwa nikiuita uzee.
Na si kwenye gari tu.

Mia nane ya paipu, mia tano ya kazi,
na mayai sita aliyoyaomba akitazama pembeni.
Jioni nikapanda. Penye kona ya mawe nikashusha dirisha
(nilikuwa nimezoea kulifunga nisiuone moshi),
nikausikia ule mluzi mwembamba,
kama mtu apulizaye chai,
nikatia gia ya tatu.
Mbele kulikuwa na lori la saruji. Sijui kama ni lile.
Nililipita.
Sikupunga mkono. Kesho, labda.