Nne Kubwa Kuliko Saba

Pasaka ilipita, Pyza, ikakuacha umejikunja
kifua sakafuni, matako juu,
ukiomba dua ambayo hakuna aliyekufundisha.

Soseji nyeupe ililetwa na Kazia wa ghorofa ya tatu.
Ngozi yake niliivua mimi. Mimi ndiye niliyeitupa chini ya meza,
kama alivyozoea Walenty, Mungu amrehemu,
ambaye hakuwahi kukiambia kiumbe chochote "nakupenda"
ila kwa kipande cha mafuta.

Siku tatu za dripu. Daktari Ochmański
alinichorea kongosho nyuma ya risiti:
jani jembamba, alisema, limelala jirani na tumbo,
na sasa jani linajila lenyewe.
Akaweka mezani mfuko wa chakula,
kilo saba, zloti mia tatu kasoro kumi na moja.
Nikauinua, nikaurudisha
polepole, kama mtoto wa wenyewe.

Nimeendesha tramu za Lodz miaka thelathini na moja.
Hesabu hainitishi. Pensheni ndiyo inayonitisha.

Basi nikasimama dukani, miwani puani,
nikisoma makopo kama mtu asomaye wosia.
Kopo la bata mzinga: mafuta asilimia nne.
Mfuko wa daktari: saba.
Nne! Na bei yake robo!
Nikabeba makopo sita hadi kwenye kaunta,
na msichana wa pale, Jagna, kipini puani,
akasema bila kuinua macho:
"Bibi, toa maji kwanza."

Toa maji kwanza.
Kopo ni maji, sehemu nane katika kumi;
kamua, kausha, pima kilichobaki,
na ile nne inavimba, inakuwa ishirini.
Nne kubwa kuliko saba!
Nilicheka peke yangu ndani ya tramu namba kumi
hadi mvulana mmoja akahama kiti.

Usiku ule, nyuma ya bili ya gesi, nikapanga:
kidari cha kuku bila ngozi, Alhamisi, siku ya punguzo;
samaki mweupe wa barafu;
mchele uliopikwa hadi ukakata tamaa;
ile jibini kavu isiyo na mafuta
ambayo Walenty aliiita chokaa.
Boga, kidogo. Na unga wa madini, kijiko cha chai,
kwani kuku na mchele peke yao, alisema daktari,
ni njaa iliyovaa nguo za shibe.
Nusu ya bakuli ni mfuko wake. Ndiyo, niliununua.
Nusu ni sufuria yangu. Alipiga hesabu, akakuna kidevu,
akasema: tujaribu, lakini tupime damu.

Mchuzi naulaza roshani usiku kucha.
Alfajiri mafuta yameganda juu kama mto wa Januari;
navunja kwa kijiko, natupa, nachungulia tena.
Wewe unanitazama kama unavyomtazama mwizi.

Siri yetu: nami nala sufuria hiyohiyo.
Natia chumvi kwenye sahani yangu tu, na bizari.
Nyongo yangu, iliyonipigia kelele miaka sita, imenyamaza.

Kazia alinuna niliporudisha kibakuli chake.
"Kidogo tu," alisema, "mnyama naye ana roho."
Nilifunga mlango, nikasimama nyuma yake
nikinusa mikono yangu.

Desemba amerudi na amani:
bonge la mafuta ya nguruwe, bila chumvi, lenye uzi.
Nimelitundika nje ya dirisha.
Ndege wadogo wenye vifua vya manjano
wanalining'inia kichwa chini, wanadonoa,
nawe umekaa nyuma ya kioo, masikio wima,
ukihesabu kila tonge la fungu lako.
Bakuli lako, chini, umelilamba
hadi ua lililochorwa ndani limeanza kufutika.